Haki ya Ufagio

Ipuli, Tabora
Jumapili, 13 Juni 1976
Asubuhi ya baridi, upepo wa vumbi, mbingu haina wingu.

Kaka Yahaya,

Shikamoo. Mimi sijambo, isipokuwa mafua ya msimu huu. Natumaini wewe, wifi na watoto mko salama huko Dodoma. Mjomba wa Kigwa alipita wiki iliyopita akaacha galoni ya asali, nusu yake nimekuwekea. Bati la jikoni lililokuwa likivuja nimelipigilia mwenyewe. Kuku mweupe ameangua vifaranga saba, mwewe amechukua wawili.

Nimeanza na kuku kwa sababu sijui nianze vipi. Mama mdogo amefungwa miaka miwili. Hukumu ilisomwa Alhamisi, tarehe 3.

Unalikumbuka ghala la Mzee Ghalibu kando ya reli, ambalo sasa ni mali ya Shirika la serikali. Mama mdogo amepepeta nafaka na kushona magunia mle ndani tangu mimi na wewe hatujaanza shule. Na unakumbuka chakula chetu kilitoka wapi. Jioni alirudi na mahindi ndani ya kanga kuukuu, yamechanganyika na mchanga, sisi tukakaa na ungo kutoa mawe. Wenyewe wanaita haki ya ufagio. Mkono hauingii kwenye gunia. Hafagii mtu mpaka gunia lishonwe. Likishashonwa, kilichobaki sakafuni ni cha aliyefagia. Ndivyo walivyokubaliana na Mzee Ghalibu, na mama zao walikubaliana hivyo na baba yake.

Mwezi wa Aprili Shirika lilileta meneja mpya, naye akaweka mgambo getini. Mama mdogo akakamatwa na furushi lake kichwani, mchana, mbele ya watu, wala hakulificha. Wiki iliyofuata wakakamatwa Zamda na Imakulata, wenzake wa ghalani. Hao wako nje kwa dhamana na kesi yao bado. Wote wameshtakiwa kuiba mali ya umma.

Hakimu alimwuliza, "Ulichukua mahindi haya?"

"Nilichukua."

"Ni mali ya nani?"

"Yangu. Nimeyafagia."

Watu wakacheka. Hakimu akaandika kwamba amekiri. Kisha akamwuliza kama ana la kusema kabla ya adhabu. Kaka, unamjua mama mdogo. Hakuwahi kunyamaza mbele ya mtu, hata wakati wa mkoloni. Nilikaa benchi la tatu nikimwombea aseme kwamba ndiyo desturi yao, kwamba amelea watoto wawili wasio wake kwa ufagio huo. Aligeuka mara moja akatazama nyuma ya chumba, halafu akatazama vidole vyake vya miguu mpaka mwisho.

Jumatano wamempeleka huko Dodoma, wanasema sehemu ya wanawake ya hapa imejaa. Nilikuwa dirishani kwangu, ofisi ya vifurushi, treni ilipokuwa ikipakia. Alipita karibu sana nami, akiwa na askari mwanamke. Hakunitazama. Nadhani hakutaka wenzangu wajue mimi ni nani wake.

Wewe uko mji huo huo. Nimeuliza, siku ya kuwaona ni Jumapili. Nenda, kaka. Mpelekee sabuni.

Mdogo wako,
Mwanahawa


Dodoma
29 Julai 1976

Mdogo wangu Mwanahawa,

Marahaba. Barua yako niliipata zamani kidogo, unisamehe kwa kuchelewa, kazi zimezidi. Sisi ni wazima. Wifi yako anakusalimu, mtoto wa pili anaota meno na hatulali. Maji ya bomba huku yanatoka siku moja na kukaa siku mbili. Tumeahidiwa nyumba ya ofisi, lakini bado. Nassibu hajambo? Wametaja siku? Niambie mapema ili niombe likizo, maana kaka wa bibi harusi hawezi kukosa.

Habari ya mama mdogo imenisikitisha sana. Ni jambo la kushughulikiwa kwa utulivu. Ukate rufaa. Umwone Mzee Ghalibu, yeye ndiye shahidi wa desturi hiyo, akieleza mahakamani itasaidia.

Kuhusu kwenda kumwona, nitaangalia nafasi. Jumapili nyingi tuna kazi za kujitolea. Pia ujue kwamba mwaka huu kuna mambo ya vyeo ofisini, na siku hizi mtu anachunguzwa mpaka ukoo wake. Sisemi kwa ubaya. Barua zijazo usiandike anwani ya ofisi, tumia sanduku la posta la jirani yangu ambalo nimeliandika nyuma ya bahasha.

Asali niwekee.

Kaka yako,
Yahaya


Ipuli, Tabora
Jumapili, 8 Agosti 1976
Asubuhi kavu, moshi wa mashamba yanayochomwa, jua jekundu.

Kaka Yahaya,

Shikamoo. Nashukuru mko wazima. Mtoto apakwe asali kidogo kwenye ufizi, mama mdogo alifanya hivyo kwako. Vifaranga wamebaki wanne. Mwenye nyumba amekuja kuuliza kama chumba cha mama mdogo kitakuwa wazi. Nimemwambia si wazi, kuna kitanda chake na nguo zake.

Nilikwenda mahakamani siku ileile nilipopata barua yako. Karani alisema muda wa rufaa umekwisha. Sikumwambia nilikuwa nikisubiri ushauri wa nani.

Kwa Mzee Ghalibu nilikwenda jana. Siku hizi ana kichumba kimoja sokoni, anauza mafuta ya taa na viberiti. Bibi Fakhria, mkewe, alikuwa nyuma ya pazia akipika. Nilimwamkia mzee nikamweleza.

"Binti," akasema, "unataka nisimame mbele ya serikali niseme nini? Kwamba niliwalipa wanawake kwa takataka za sakafuni?"

"Ndivyo ilivyokuwa, mzee?"

"Ndivyo. Kanga moja kila Idi, na ufagio kila jioni. Hakuna mshahara mwingine. Nani aliona vibaya? Wao walifurahi, mimi nilifurahi. Leo nikilisema hilo, nitakuwa nimejifunga kamba mwenyewe. Ghala wamechukua. Nyumba ya ghorofa wamechukua. Wameniachia viberiti."

Bibi Fakhria akasema kutoka ndani, "Unaogopa kuitwa mnyonyaji? Si unaitwa tangu mwaka sitini na saba! Umezoea."

"Wewe koroga mchuzi wako."

"Mchuzi umeiva. Wewe ndiye mbichi."

Nilicheka, kaka, na ndipo nilipogundua kwamba sijacheka tangu Mei. Lakini mzee hakukubali. Alinipa kiberiti bure nikaondoka.

Nyumbani ni kimya sana. Nilikuwa nikipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, sasa nimenunua sufuria ndogo. Mama Rukia wa jirani, aliyekuwa akija kila jioni kuomba moto, sasa ana kiberiti chake. Kwenye foleni ya sukari nikifika mazungumzo yanakatika, yanaanza tena nikipita. Hakuna aliyenitukana. Ningefurahi kama mmoja angenitukana, tungegombana, yakaisha.

Umekwenda kumwona?

Mwanahawa


Dodoma
20 Septemba 1976

Mdogo wangu,

Marahaba. Ramadhani inaelekea ukingoni, Mungu atupokelee. Huku joto ni kali na futari ni ya shida, tende hakuna. Watoto wazima. Nakutakia Idi njema mapema, na nimekuwekea pesa kidogo ndani ya karatasi hii kwa ajili ya kanga.

Mama mdogo hajambo. Anakusalimu. Usiwe na wasiwasi juu yake.

Nimepata wazo. Kila sikukuu ya Uhuru wafungwa wa makosa madogo husamehewa. Mfungwa anajaza fomu ya kuomba, anaonyesha kwamba amejutia kosa, basi. Nitaulizia taratibu. Likienda vizuri, Desemba yuko nyumbani na hakuna atakayelikumbuka jambo hili.

Hujanijibu juu ya Nassibu.

Yahaya


Ipuli, Tabora
Jumapili, 3 Oktoba 1976
Asubuhi ya mawingu mepesi, joto limeanza mapema, mvua bado.

Kaka,

Shikamoo. Idi ilipita salama. Nilipika pilau nikaipeleka kwa watoto wa Zamda.

Jana alikuja mwanamke anaitwa Apolinaria. Alikuwa amefungwa kwa kupika gongo, ametoka wiki iliyopita, na kwao ni mbele ya Kigwa. Alishuka kwenye treni hapa Tabora kwa makusudi, akaulizia nyumba hadi akaipata. Alilala kitanda kimoja na mama mdogo, mmoja kichwani mwingine miguuni. Nilimpa chai na mihogo, akaniambia mambo mengi. Mama mdogo amepewa kazi ya kushona magunia ya gereza, anawafundisha wengine kushika shazia, ile sindano kubwa ya kushonea. Anakohoa usiku. Ndiye mwamuzi wao wakigombea ndoo.

Nikasema, "Afadhali kaka yangu huwa anakwenda kumwona."

Apolinaria akaweka kikombe chini. "Kaka yako yupi?"

"Yahaya. Yuko Dodoma."

"Dada, mimi nimekaa na Maua, mama yako mdogo, mpaka wiki iliyopita. Jumapili wenye wageni huitwa kwa majina. Maua hajaitwa hata siku moja. Tulikuwa tukimtania, tunamwambia, wewe umezaliwa na jiwe? Anasema, nina watoto wawili, mmoja yuko mbali na mwingine ana kazi nyingi."

Nilijua nani yuko mbali, ingawa anaishi mji huohuo.

Pesa zako nimezirudisha ndani ya bahasha hii. Kanga ninazo.

Mwanahawa


Dodoma
1 Novemba 1976

Mwanahawa, mdogo wangu,

Sitaanza na habari za watoto. Jana nilikwenda.

Nilivaa shati la zamani ili nisitambulike, ujinga mtupu. Getini askari wa zamu akafungua daftari akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nyuma yangu kulikuwa na mtu ninayemfahamu ofisini, amemletea mkewe uji. Nikasema, "Jirani yake wa zamani." Sikujua kwamba mama mdogo ameshaletwa, amesimama upande wa pili wa wavu, hatua chache tu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, jirani."

Amekonda. Nywele zimenyolewa. Nilimpa sabuni, akainusa.

"Wanao hawajambo, jirani?"

"Hawajambo, mama."

"Na ile nyumba uliyoahidiwa, jirani, umeipata?"

Kwa hiyo ulikuwa ukimwandikia habari zangu zote hizi, naye akisomewa na wenzake, nami sikujua. Aliniita jirani mpaka nikashindwa kuinua macho. Askari mwanamke aliyekaa pale alikuwa akitabasamu. Halafu mama mdogo akaacha mzaha, akaniuliza kama wewe unakula vizuri.

Nilimweleza habari ya fomu. Akasema nimsomee maneno yatakayoandikwa. Nikamwambia ni maneno ya kawaida: mimi fulani nakiri kwamba niliiba mali ya umma, najuta, naomba huruma.

"Hapana," akasema.

"Mama mdogo, ni maneno tu."

"Zamda na Imakulata wamekwisha hukumiwa?"

"Bado. Mwezi wa kwanza."

"Nikisema mimi kwamba ufagio ni wizi, wao watasema nini?"

Nilijibu kwamba kila mtu na kesi yake. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipovunja chungu. Ndipo nikamwuliza lililonisumbua tangu barua yako ya kwanza. Kama ni haki yenu, kwa nini ulinyamaza hakimu alipokuuliza una la kusema?

Kisha akaniambia hivi, naandika kama alivyosema.

"Siku ile uzi uliisha. Gunia la mwisho lilikuwa limesimama mdomo wazi, shazia imechomekwa pembeni. Msimamizi akasema litashonwa kesho. Nyumbani unga ulikuwa umekwisha tangu juzi. Nikafagia. Sasa nilichofagia sikijui kilikuwa cha gunia au changu. Zamda aliniona, hakusema kitu. Sisi tukimkamata mwenzetu anafagia kabla gunia halijashonwa tunamtoa kwenye zamu mwezi mzima, na mimi mwenyewe nimewahi kumtoa mtu. Hakimu aliponiuliza, niligeuka nikamwona Zamda amekaa nyuma. Ningesimama mbele yake niseme nini kuhusu haki? Kosa langu ninalo, Yahaya, lakini si hilo la kwenye karatasi. Niandikie kwamba nilifagia kabla gunia halijashonwa, hiyo nitaiwekea dole gumba sasa hivi."

Leo asubuhi nimekwenda kwa ofisa anayeshughulikia fomu. Ni mtu mwema. Alicheka, kisha akaniambia barua ya magunia na nyuzi haitafika popote. Ama akiri kosa aliloshtakiwa, ama asubiri amalize. Fomu zinafungwa tarehe 20 Novemba.

Sasa nisikilize. Mama mdogo hajui kusoma. Fomu ya kawaida ninayo, imepigwa chapa, iko mezani mbele yangu. Nikimwambia imeandikwa kama alivyotaka, ataweka dole. Desemba atakuwa kwako. Kikohozi chake nimekisikia mwenyewe, mdogo wangu, si kikohozi cha vumbi.

Niambie nifanye, nitafanya. Sitaki kuamua peke yangu.

Kaka yako,
Yahaya


Ipuli, Tabora
Jumatano, 10 Novemba 1976
Asubuhi mvua ya kwanza ya maana, radi upande wa Ulyankulu.

Kaka Yahaya,

Shikamoo. Barua yako imefika leo saa nne, nakujibu kabla ya saa sita ili iwahi treni. Nimeomba ruhusa kazini kwa kusema naumwa, ni mara yangu ya kwanza.

Nimesoma mara nyingi pale pa unga. Mimi nilikuwa na mshahara, kaka. Alinikataza kuugusa. Alisema chakula ni juu yake, mimi niweke kwa ajili ya kitanda na vyombo vya harusi. Kila jioni nilikuta ugali mezani, sikuuliza. Siku hiyo pia nilikula.

Harusi haipo. Wazazi wa Nassibu walituma mtu wiki ileile ya hukumu, wakasema kwa adabu sana kwamba mambo yasimame kwanza. Yamesimama. Usiniulize tena.

Kwa hiyo fikiria ninavyotaka arudi. Naamka naitengeneza sauti yake kichwani, anavyonigombeza kwa kuacha kuni zinyeshewe. Nimeshika kalamu mara mbili kuandika neno hilo moja unalolitaka, kwa sababu ya kikohozi.

Usimdanganye. Ile karatasi itafika Tabora. Mwendesha mashtaka atasimama Januari aseme, mwenzenu, mkubwa wenu, amekiri kwamba huu ni wizi. Zamda ana watoto watano na Imakulata ananyonyesha. Mama mdogo akirudi akakuta wale wawili wamefungwa kwa dole lake, hatakaa katika nyumba hii. Atakwenda kukaa nje ya gereza. Na hatatusemesha tena, na atakuwa na haki.

Mpelekee blanketi. Mwambie daktari wa gereza amwone. Ulisema yule ofisa ni mtu mwema, mwombe hilo.

Natumaini hii itawahi.

Mwanahawa


Dodoma
Jumapili, 12 Desemba 1976

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilinifikia tarehe 24. Mvua ilibomoa tuta la reli upande wa Manyoni, treni zikakaa. Fomu zilikuwa zimekwisha kufungwa siku nne kabla.

Kwa hiyo niliamua peke yangu, kama nilivyoogopa. Kabla fomu hazijafungwa, ofisa aliniruhusu kumwona siku isiyo ya kawaida. Getini askari akauliza tena mimi ni nani wake, nikasema mwanawe. Mama mdogo akasikia. "Haa! Umehamia nyumbani leo?"

Nilikuwa na fomu na kidau cha wino. Nilikwenda pale kumdanganya, Mwanahawa, ni lazima ulijue hilo. Nilikuwa nimeyatunga maneno njiani. Nikafungua karatasi nikaanza, mimi Maua binti Lugembe, mwenyeji wa Tabora, nakiri kwamba... Hapo nikakwama.

"Mbona unasoma kama mtoto wa darasa la kwanza? Endelea."

Sikuweza.

"Hiyo karatasi inasema nimeiba?"

"Inasema."

"Na wewe ulitaka kunisomea nini?"

Nikaikunja karatasi. Akautia mkono wake kwenye wavu, akashika kidole changu kimoja, akakitikisa. "Ulikuwa mwongo hodari sana ulipokuwa mdogo. Sukari ililiwa na panya, maziwa yalimwagwa na paka. Umeharibikiwa na nini?" Kisha akaniuliza kama nimekula mchana.

Tarehe 9 nilisimama nje ya gereza na watu wengine. Walitoka wanawake kumi na wanane wakipiga vigelegele. Nilijua hatakuwamo, lakini nilimtafuta katika kila uso. Yule ofisa nilimwomba kama ulivyosema, naye ametimiza: daktari amemwona, anapewa dawa, blanketi analo.

Cheo amepewa mwingine. Wifi yako amekasirika, atapoa. Sasa nakwenda kila Jumapili. Huwa hatuna mengi ya kusema, ananieleza nani kagombana na nani kwa ajili ya ndoo.

Kuhusu Nassibu, sikujua. Ningeelewa ulipokosa kunijibu, nisingeuliza mara ya pili.

Yahaya


Ipuli, Tabora
Alhamisi, 20 Januari 1977
Asubuhi mvua ya manyunyu, ukungu hadi saa tatu, matope.

Kaka Yahaya,

Shikamoo. Wifi na watoto natumaini hawajambo, mwambie wifi kwamba asali yao haijaguswa.

Kesi ilisikilizwa jana. Zamda alisema alifagia baada ya gunia kushonwa, Imakulata akasema hivyo hivyo. Mwendesha mashtaka akauliza nani mwingine duniani anaijua hiyo sheria yao. Ndipo mlangoni kukawa na msukumano, nikageuka, namwona Mzee Ghalibu katika kanzu iliyopigwa pasi. Bibi Fakhria amemshika mkono kama mtu anayempeleka mtoto shule.

Alipanda kizimbani akaapa. Hakimu akamwuliza yeye ni nani katika shauri hili.

"Mimi ndiye niliyekuwa mnyonyaji wao, mheshimiwa."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Hakimu akagonga meza. Mzee akangoja, akaendelea.

"Hawa sikuwalipa mshahara. Niliwalipa sakafu. Baba yangu aliwalipa mama zao sakafu. Walikuwa na sheria zao za ufagio, kali kuliko zangu, na katika miaka yangu yote ghalani sikupoteza gunia. Kama ni wizi, basi mwizi ni mimi niliyeutoa huo ufagio badala ya pesa. Nimemaliza."

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Kupe!" Bibi Fakhria akamgeukia, "Kupe mwenyewe, unadaiwa mafuta ya taa chupa tatu!"

Hakimu, si yule wa mwaka jana, alisema wanawake hawa waliamini kwa moyo mweupe kwamba ni mali yao, na anayechukua anachoamini ni chake hajaiba. Akawaachia. Imakulata alikaa chini sakafuni akamnyonyesha mtoto hapo hapo.

Mimi nilisimama. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasema, "Na Maua binti Lugembe, mheshimiwa?" Karani akaniambia nikae. Hakimu alikuwa mpole, alifungua jalada akalitazama, akasema huyo alikiri, hakukata rufaa, na shauri lake haliko mbele yake. Anaweza kuandika kwenda mahakama ya juu kuomba muda, lakini kabla halijasikilizwa huenda atakuwa amemaliza. Nitaandika hata hivyo.

Leo asubuhi Zamda na Imakulata walikwenda ghalani na nyungo zao. Niliwafuata kwa sababu ofisi yangu iko upande huohuo. Meneja amewarudisha kazini kwa siku mbili kwa wiki. Ila tangu sasa anayefagia ni mwanamume mmoja mwenye koleo. Anachofagia anakipeleka kwenye shimo kando ya reli, anakimwagia mafuta ya taa ili asikichukue mtu. Nimesimama nikaona, mahindi tele, yanang'aa kwa mafuta. Watoto walikuwa wamezunguka shimo, wametazama tu.

Zamda akasema, "Sisi tumeachiwa, ufagio umefungwa." Akaingia ndani kupepeta.

Jumapili utakwenda kwa mama mdogo. Mwambie Zamda na Imakulata wako huru. Mwambie neno kwa neno alivyosema Mzee Ghalibu, na Bibi Fakhria na zile chupa tatu, acheke. Mwambie pia kwamba nilizungumza na Zamda juu ya lile gunia. Zamda anasema aliliona, na kwamba yeye pia siku hiyo alikuwa hana unga.

Kuhusu shimo, niliandika hapa mistari mitatu nikaikata yote. Kwanza nilikuandikia usimwambie. Kisha nikakuandikia umwambie akiuliza. Lakini hatauliza, ataona uso wako. Mwambie, kaka. Mwambie wewe kabla hajaona, halafu usitafute la kumfariji. Kaa naye hapo kwenye wavu mpaka muda wenu uishe, hata kama hamsemi kitu.

Mwanahawa

Ijumaa, asubuhi. Bahasha sikuifunga jana, nilidhani nitapata la kuongeza. Sikupata. Nilikaa chumbani kwa mama mdogo, taa imezimwa. Nililala saa tisa kasoro robo.